Aliyeshika Daftari Ndiye wa Kuulizwa

Ukitoka Siakago ukashika njia ya Kanyuambora, ardhi inazidi kuteremka na jua linazidi kukaza. Unapofika Ishiara, chai na kahawa za mlimani zimekwisha. Sokoni ni magunia ya ndengu, mtama na kunde, mbuzi waliofungwa kamba, na muguka inayosubiri gari la Nairobi kabla haijanyauka. Hii ndiyo barabara ya chini, njia ya zamani ya kutoka Embu kwenda Meru kupitia Mbeere na Tharaka. Tangu lami ya juu ya Runyenjes na Chuka ijengwe, wasafiri wengi hawana haja nayo tena. Mimi niliifuata kwa sababu ya mfereji wa maji.

Mradi wa umwagiliaji wa Ishiara ulizaliwa miaka ya 1950. Wanaoandika historia ya umwagiliaji nchini Kenya huutaja pamoja na Mwea, Hola, Perkerra na Yatta, miradi iliyoanzishwa chini ya idara ya kikoloni ya ALDEV, na huongeza kwamba miradi hiyo ilitegemea sana mikono ya watu waliofungwa wakati wa Hali ya Hatari. Mtu aliyefungwa hakuulizwa kuhusu ujira. Alipewa jembe na sururu, akasimamiwa na askari mwenye bunduki, akachimba. Maji yamefuata mitaro ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 60, na watoto wa wakulima wamesomeshwa kwa mazao yake.

Nilitaka kujua majina ya waliochimba. Nani alifungwa, kwa amri ya nani, kwa kosa gani, na aliachiliwa lini? Swali kama hilo lingepaswa kujibiwa kwa daftari, kwa sababu serikali iliyowafunga watu hao iliandika kila kitu. Iliandika kabila, kijiji, chifu, kiapo alichokula mtu na kambi alizopitia. Kwa hiyo safari ya barabara ya chini ikageuka kuwa safari ya kutafuta karatasi, na karatasi hizo zimenipeleka mbali kuliko Meru.

Hali ya Hatari, ya kupambana na waasi wa Mau Mau, ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa fungu moja, KEM kwa herufi za Kiingereza, na herufi hizo tatu ziliamua nani atembee na nani akamatwe. Nchi ya Mbeere wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu, pamoja na Kirinyaga na tambarare ya Mwea. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na watu wa makabila hayo matatu wakakamatwa kwa maelfu, wakapitishwa kambi ya Lang'ata, kisha za Manyani na Mackinnon Road.

Hawa hawakufungwa na hakimu. Walifungwa kwa hati, ama hati ya Gavana mwenyewe, ama hati ya ofisa aliyekasimiwa mamlaka hayo. Hakukuwa na shtaka wala shahidi aliyesimama kizimbani akahojiwa. Kambini mtu alichujwa, akapewa rangi: mweupe, kijivu au mweusi, na rangi hiyo ikaandikwa kwenye faili lake. Faili ndilo lililosema kama atabaki jangwani au atashushwa hatua kwa hatua kwenye kambi za kazi karibu na kwao. Palikuwa na kamati ya ushauri ambayo mfungwa angeweza kuiandikia, na wengi waliandika. Lakini kamati nayo ilisoma faili lile lile, na aliyefungwa hakuonyeshwa yaliyomo.

Sheria ya Waingereza ilikuwa na dawa ya kale ya maradhi haya, na majaji wa Kenya waliijua vizuri. Ni habeas corpus, ambayo Bunge la Uingereza liliitungia sheria mwaka 1679. Mtu yeyote, awe mama, mke au rafiki, anakwenda kwa jaji na kusema kwamba fulani ameshikwa na fulani. Jaji anamwandikia mshikaji: mlete mtu huyo mbele yangu, na ulete jibu la maandishi la kuonyesha umemshika kwa sheria ipi. Aliyeshikwa hatakiwi kuthibitisha kwamba hana hatia. Mwenye funguo ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba alikuwa na haki ya kufunga mlango.

Ndiyo maana lile jibu la maandishi lina uzito wote. Jaji hakuwepo usiku wa kukamatwa. Anachokiona ni mtu aliyeletwa na karatasi iliyoletwa pamoja naye. Mtu asipoletwa, inabaki karatasi. Na karatasi ikiwa na saini ya Gavana, je, jaji anaruhusiwa kuuliza kilicho nyuma ya saini? Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, majaji wakuu wa Uingereza waliamua katika kesi ya Liversidge dhidi ya Anderson kwamba waziri akisema ana sababu za kumweka mtu kizuizini, mahakama haitamtaka azitoe sababu hizo. Lord Atkin alipinga peke yake. Miaka mingi baadaye Waingereza wenyewe walikubali kwamba Atkin ndiye aliyekuwa sahihi, lakini kwa mtu wa Embu aliyekuwa Manyani mwaka 1955 hilo halikuwa la kumsaidia.

Kipo kipande kimoja cha maandishi kutoka miaka hiyo ambacho naona kila mwanasheria wa Kenya angepaswa kukisoma kabla ya kuapishwa. Mwaka 1957, katika kambi za Mwea, ndani ya Wilaya ya Embu, ofisa aitwaye Terence Gavaghan alisimamia mpango wa kuwavunja nguvu wafungwa sugu kwa kipigo mara tu waliposhushwa kutoka kwenye magari. Mwezi Juni mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring kuhusu mpango huo. Alieleza jinsi kanuni zingeweza kuandikwa ili nguvu inayotumika iitwe nguvu ya kulazimisha utii, isiitwe adhabu. Kisha akaonya kwamba kama watatenda dhambi, basi waitende kimya kimya.

Huyu ndiye aliyekuwa mlinzi mkuu wa sheria katika nchi nzima. Alijua kwamba jambo lisiloandikwa halitafika mbele ya jaji, na kwamba lililoandikwa kwa werevu litafika likiwa limevaa nguo nyingine. Ukiyasoma maneno yake unaelewa kwamba kumbukumbu pungufu za miaka ile hazikutokana na uzembe wa makarani. Upungufu ulipangwa, na waliopanga walikuwa wasomi wa sheria.

Kisha ukaja wakati wa Waingereza kuondoka. Mwezi Mei 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alitoa maelekezo kwamba nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Malkia, au kuwaumbua askari, polisi na watoa habari wake, zisikabidhiwe kwa serikali mpya. Mafaili yaligawanywa makundi mawili. Moja lilikuwa la kuachiwa Waafrika, la pili la kushikwa na maofisa wenye asili ya Ulaya peke yao, na hili la pili lilipigwa muhuri wa herufi W. Ya kuharibiwa yalichomwa mpaka yakawa majivu, na majivu yenyewe yakasagwa. Palipokosekana moto, maelekezo yaliruhusu kuyafunga ndani ya makreti yenye uzito na kuyazamisha kwenye maji ya kina kisicho na mkondo, mbali na pwani.

Mwanahistoria Caroline Elkins alipokuja kufanya utafiti wake alipiga hesabu rahisi. Serikali ya kikoloni yenyewe ilikiri kwamba iliwaweka kizuizini watu wapatao 80,000. Idara tatu tofauti zilikuwa na faili la kila mfungwa. Kwa hiyo yalipaswa kuwepo mafaili yasiyopungua 240,000. Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi alikuta mamia machache tu. Hiyo 80,000 nayo inabishaniwa mpaka leo. Elkins anaamini waliofungwa walikuwa wengi zaidi mara kadhaa, wengine wanaikataa hesabu yake. Wote wangeafikiana mapema kama mafaili yangekuwepo. Jina la mchimba mfereji wa Ishiara, kama liliwahi kuandikwa, liko katika pengo hilo.

Hata jalada la mmoja wa wafungwa mashuhuri kuliko wote lilipotea. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri mwezi uliofuata mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kwa miongo mingi Wakenya walizungumzia kesi hiyo bila mtu kulishika jalada lake. Liliweza kusomwa na watu wote mwaka 2017 tu, mwanahistoria Julie MacArthur alipolichapisha. Kimathi alikuwa na mawakili, rufaa mbili na dunia nzima ikimtazama. Kati ya watu 1,090 ambao David Anderson amewahesabu kuwa walinyongwa katika vita vya Mau Mau, wengi hawakuwa na mtu hata mmoja wa kuyatafuta mafaili yao.

Sehemu ya karatasi ambazo hazikuchomwa bali zilisafirishwa kwenda Uingereza ilionekana mwaka 2011. Wazee wa Kenya walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London kwa mateso ya kambini. Mmoja wao alikuwa Jane Muthoni Mara, ambaye alikuwa msichana mdogo alipopelekwa kwenye kambi ya kuchujia watu ya Gatithi, Kirinyaga. Mawakili na wanahistoria wakabana, na serikali ikalazimika kukiri kwamba katika ghala la Hanslope Park, kaskazini ya London, kulikuwa na mafaili yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37. Karibu 1,500 yalihusu Kenya. Barua ya Griffith-Jones ni miongoni mwa nyaraka zilizotumika katika kesi hiyo.

Hapa ndipo naomba msomaji anifuate taratibu, kwa maana kiini cha jambo lote kiko hapa. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwamba miaka 50 imepita, mashahidi wamekufa, na kesi ya haki haiwezekani tena. Tarehe 5 Oktoba 2012 Jaji McCombe aliikataa hoja hiyo. Alisema nyaraka ni nyingi, watawala na makamanda wa wakati ule walikuwa waandishi makini, na kwa hiyo kesi inaweza kusikilizwa kwa haki. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague alisimama bungeni, akaeleza masikitiko ya serikali yake na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228.

Wakaja wengine, zaidi ya 40,000, katika kesi ya pamoja mbele ya Jaji Stewart. Kesi ikaendelea kwa zaidi ya miaka miwili. Mwaka 2018 ikatupiliwa mbali. Muda ulikuwa umepita mno, jaji alisema. Maofisa ambao wangetoa ushahidi wamekufa, maandishi yaliyobaki hayatoshi kuziba nafasi yao, na mshtakiwa hawezi kutendewa haki. Mshtakiwa mwenyewe alikuwa serikali iliyorithi madaraka na majivu ya wale waliochoma.

Najua sheria ya ukomo wa muda ina sababu zake, na Jaji Stewart aliandika hukumu ndefu yenye uangalifu. Hata hivyo siwezi kuikubali. Aliyeshika daftari akilichoma, kisha akaja mahakamani kusema daftari halipo, mzigo wa kutokuwepo kwake haupaswi kumwangukia mzee wa Runyenjes au Meru ambaye hakuwahi kulishika. Kama kuna jambo moja nimelipata katika barabara hii, ni hilo, na linahusu zaidi ya wazee wa Mau Mau. Linahusu kijana atakayekamatwa Ishiara usiku wa leo.

Tufuate basi njia ya faili la siku hizi. Mtu wa Ishiara akishtakiwa kwa wizi wa mbuzi, jina lake linaanzia kwenye OB, kitabu cha matukio kilicho mezani kituoni. Kutoka hapo anapelekwa Siakago kwa hakimu. Akipatikana na hatia, rufaa yake inapanda Mahakama Kuu ya Embu, na ya pili inakwenda Mahakama ya Rufaa inayokaa Nyeri. Kila hatua inategemea jalada lililotoka chini.

Jalada la korti ya chini si kitu cha kutisha ukiliona. Ni folda nyepesi yenye namba iliyoandikwa kwa kalamu nene, pembe zimekunjika, kamba imepita kwenye tundu la kona. Ndani mna hati ya mashtaka, dhamana kama ilitolewa, ripoti ya daktari, halafu kurasa na kurasa za mwandiko wa hakimu. Kwa miaka mingi hakimu wa Kenya amekuwa ndiye mwandishi wa kesi anayoiamua. Shahidi anasema kwa Kimbeere, mkalimani anageuza, hakimu anaandika kwa Kiingereza, na shahidi huombwa anyamaze kidogo ili kalamu imfikie. Kwa hiyo yote aliyosema mtu kujitetea, kilio chake, ubishi wake na mashahidi wake, yamo katika kurasa hizo na hayako popote pengine. Folda ikipotea masjala, ikiliwa na mchwa, ikilowa mvua, au ikitolewa na mtu aliyelipwa kuitoa, mtu huyo amebaki na kifungo bila maelezo yake.

Katiba ya 2010 inalijua jambo hili. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi katika muda unaofaa baada ya kesi kumalizika. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kifungu cha 51 kinampa aliyezuiliwa haki ya kuomba habeas corpus, na kifungu cha 25 kinaiweka haki hiyo, pamoja na haki ya kusikilizwa kwa haki, katika orodha fupi ya haki ambazo hakuna sheria wala hali ya hatari inayoweza kuzipunguza. Nadhani waandishi wa Katiba walikumbuka Manyani walipoandika orodha ile.

Lakini jalada likipotea kabisa, mahakama zetu zinafanya nini? Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikutana na jambo hilo mwaka 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa, katika kesi ya Zaver. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikalirudia miaka ya 1990 katika kesi ya Wainaina, na hoja zake bado zinanukuliwa. Majaji walisema lazima mizani ishikwe sawa. Iulizwe ni nani aliyesababisha upotevu, na kama mkata rufaa alihusika. Hadi hapo nakubaliana nao kabisa. Kisha wakasema kuachiliwa hakuji chenyewe kwa kuwa faili limepotea: mkata rufaa amekwisha kupatikana na hatia na mahakama halali, amepoteza ile dhana ya kutokuwa na hatia, na sasa ni juu yake kuonyesha kwamba hakimu alikosea.

Aonyeshe kwa kitu gani? Kosa la hakimu limo ndani ya folda ambayo haipo. Naielewa hofu ya majaji: wangesema kila faili likipotea mtu aachiliwe, mafaili ya wenye fedha yangepotea kila Ijumaa. Hofu hiyo ni ya kweli, na jibu lake ni lile swali la kwanza. Kama yeye ndiye aliyeliiba, asinufaike. Kama lilipotea mikononi mwa serikali, ama kesi ianzwe upya haraka, ama aende nyumbani. Kumwacha ndani miaka na miaka huku karani akiapa kwamba anaendelea kulitafuta ni kumweka kizuizini bila kesi. Mwaka 1956, Kimathi akiwa bado msituni, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Griffin dhidi ya Illinois kwamba maskini asinyimwe rufaa kamili kwa sababu tu hana fedha za kununua nakala ya mwenendo wa kesi. Msingi ni ule ule: haki ya rufaa bila kumbukumbu ni haki ya jina tu.

Tangu Julai 2020 Idara ya Mahakama imeanza kupokea kesi kwa kompyuta, Nairobi kwanza, na Machi 2024 mfumo huo ukatangazwa kwa nchi nzima. Ni hatua nzuri na naipongeza bila kusita. Ila kompyuta ya mahakama inaanza kazi pale mtu anapofikishwa mahakamani. Kabla ya hapo kuna OB, na kabla ya OB kuna gari.

Kianjokoma iko upande wa juu, kwenye chai, mwendo mrefu kutoka joto la Ishiara lakini ndani ya kaunti hii hii ya Embu. Tarehe 1 Agosti 2021 ndugu wawili, vijana wa nyumba moja, walikamatwa na polisi kwa kukiuka kafyu ya korona. Wazazi waliwatafuta, wakaja kuwakuta katika chumba cha maiti cha hospitali ya Embu. Polisi walieleza kwamba waliruka kutoka kwenye gari likiwa mwendoni. Maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji. Miaka saba kabla yake, Mombasa, baada ya uvamizi wa Masjid Musa wa Februari 2014, familia moja ilikwenda kwa Jaji Edward Muriithi kuomba habeas corpus kwa ajili ya ndugu yao aliyepigwa picha akiwa mikononi mwa polisi. Jibu la polisi lilikuwa kwamba aliruka kutoka kwenye lori akatoroka. Hakuletwa mahakamani.

Mtu akiruka kutoka kwenye gari la serikali, hakuna ukurasa wa kuuliza. Aliyemwona akiruka ndiye yule yule aliyepaswa kuandika jina lake.

Na Embu mjini, tarehe 21 Desemba 2024, watu waliofunika nyuso walimchukua kijana mmoja aliyekuwa kwa kinyozi. Kosa lililosemwa mitaani ni picha aliyoisambaza mtandaoni ya kumkejeli Rais. Inspekta Jenerali wa Polisi alisema polisi hawahusiki na utekaji. Siku tano baada ya kijana huyo kuchukuliwa, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba tangu Juni ilikuwa imepokea visa 82 vya watu kutekwa, na 29 walikuwa bado hawajulikani waliko. Vijana wa Embu waliingia barabarani. Chama cha Mawakili na wengine wakaenda mahakamani, na tarehe 31 Desemba Jaji Bahati Mwamuye akaamuru waliotekwa waachiliwe au waletwe mbele yake, na Inspekta Jenerali afike mwenyewe kujieleza Januari 8. Tarehe 6 Januari 2025, siku mbili kabla, yule kijana wa Embu na wenzake kadhaa walirudi makwao. Hakuna daftari lililoonyeshwa la kusema walilala wapi kwa siku zote hizo. Kwa mujibu wa maandishi ya serikali, hawakushikwa na mtu.

Huo ndio upungufu wa kumbukumbu uliokamilika kuliko wote, na Griffith-Jones angeutambua mara moja. Hati ya Gavana ya mwaka 1954 ilikuwa ya dhuluma, lakini ilikuwa hati. Angalau mjukuu anaweza kwenda kuitafuta. Aliyechukuliwa na gari lisilo na namba hana hata hiyo. Kwa hiyo majaji wetu wakiruhusu jibu la "hatunaye" likubaliwe kwa neno tupu, habeas corpus imekwisha. Pale ambapo shahidi, picha au kamera inaonyesha mtu akiingizwa kwenye gari la maofisa, ni wajibu wa serikali kuthibitisha kwa maandishi alikoishia, na ikishindwa, ichukuliwe kuwa inaye. Sioni njia nyingine ya kuilinda amri hii.

Kutoka Ishiara nilivuka mto Thuci, nikaingia Tharaka Nithi, nikapita Kathwana, Chiakariga na Mitunguu, barabara ikianza tena kupanda kuelekea Nkubu na baridi ya Meru. Mjini Meru jengo la zamani la ofisi ya mkuu wa wilaya (DC) sasa ni makumbusho. Kuna zana, ngozi na historia ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, na watoto wa shule huletwa kuziona. Orodha ya watu wa Meru waliofungwa miaka ya 1950 ingestahili kuwekwa ndani ya kuta hizo, na ya Embu na Mbeere iwekwe Embu. Mafaili ya Hanslope sasa yako Kew, London, katika fungu la FCO 141, na yamefunguliwa kwa wasomaji tangu 2012. Serikali za kaunti hizi zinatuma ujumbe ng'ambo kila mwaka kutafuta wawekezaji. Ujumbe mmoja uende Kew, ukanakili kila ukurasa unaotaja mtu au kambi ya Embu na Meru, nakala zirudi huku mahali ambapo bibi wa Ishiara anaweza kwenda kwa nauli ya matatu.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni, pasi ya kusafiria au cheti cha kuachiliwa cha babu, usikitupe. Kipige picha, kiandike mwaka na jina la kambi aliyoitaja. Na mtu wako akichukuliwa leo, andika saa, mahali, rangi ya gari na majina ya walioona, kisha nenda Mahakama Kuu ya Embu au Meru siku hiyo hiyo. Kifungu cha 22 cha Katiba kinaitaka mahakama ipokee hata maombi yaliyoandikwa kwenye karatasi ya kawaida, yanaweza kuletwa na mtu yeyote kwa niaba ya aliyeshikwa, na kufungua shauri hilo hakulipiwi ada.